Pointi Moja

Hesabu ya mbio za nyika za vyuo vya Marekani ni nyepesi kuliko hesabu ya kugawa mirathi. Kila chuo kinaingiza wakimbiaji saba. Nafasi unayomaliza ndiyo pointi zako: wa kwanza pointi 1, wa arobaini pointi 40. Wanajumlishwa watano wa mbele, na chuo chenye jumla ndogo ndicho bingwa. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, ila wakimpita mtu wa chuo kingine wanamwongezea mzigo. Wa nane hapandi gari.

Mimi nilikuwa pointi moja. Siku mbaya nilikuwa pointi tatu au nne. Katika timu yetu kila mtu alikuwa na tarakimu yake, kwa hiyo sitaona tabu kuwaita wenzangu kwa tarakimu, maana majina yao si ya kuanika hapa. Yuko mmoja nitakayemwita Nane. Alikuwa kijana wa mji uleule, alikulia maili mbili kutoka uwanjani, na kabla sijafika alikuwa wa saba. Wazazi wake walikuwa wakija kila mashindano ya nyumbani na viti vya kukunja na mfuko wa machungwa yaliyokwisha kukatwa. Nilipoingia mimi, yeye akashuka ngazi moja, na ngazi hiyo moja ndiyo iliyotenganisha kupanda gari na kubaki bwenini. Wazazi wake waliendelea kuja, na machungwa waliendelea kugawa. Hata mimi nilipewa.

Nilifika Agosti 1998. Viza niliipata Julai pale ubalozini Dar es Salaam, na tarehe 7 Agosti ubalozi huo ukalipuliwa, siku moja na ule wa Nairobi. Kwa hiyo kwa wiki mbili za mwanzo kila aliyesikia neno Tanzania aliniuliza habari za bomu. Wiki ya tatu wakaanza kuniuliza kama nilikuwa nakimbia kwenda shule.

Shule yetu ilikuwa dakika nne kutoka nyumbani, ukitembea kwa kuvuta miguu. Hilo nililieleza mara nyingi, na kila mara niliona uso wa msikilizaji ukisinyaa, kama nimemnyima kitu alichokwisha kukilipia. Kwetu ni Mbulu. Ni kweli kwamba ni nchi ya milima na ya wakimbiaji: ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bendeji, wenzake wote wamekwisha kufika. Filbert Bayi ni wa Karatu, jirani zetu. Yeye mwaka 1974 alikwenda Christchurch akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Lakini watoto niliosoma nao wengi hawakukimbia popote. Mimi nilikimbia kwa sababu mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na saa yenye kitufe cha kupimia muda, na hakuwa na kitu kingine cha kufanya alfajiri. Alitutoa bwenini saa kumi na moja kila siku kwa miaka miwili. Nikimkumbuka nasikia kile kitufe, tik, na sauti yake ikisema, “Rudia.”

Sasa kuhusu fedha, kwa sababu chuki nyingi ukizichimba utakuta fedha chini yake. Kanuni za michezo ya vyuo wakati ule ziliruhusu chuo kikubwa kutoa ufadhili kamili 12.6 tu kwa wanaume wote wa riadha na mbio za nyika. Ile nukta sita ilinichekesha mpaka nilipoelewa maana yake. Timu ilikuwa na watu zaidi ya thelathini, kocha akagawa ufadhili huo kama mgawa nyama wa sikukuu: huyu nusu, huyu robo, huyu vitabu tu. Mimi nilipewa mmoja mzima, wenye karo, chumba na chakula. Nane alipewa vitabu. Karo yake ililipwa na baba yake, ambaye kodi zake ndizo zilizosaidia kukiendesha chuo chenyewe. Sikuyajua haya mwaka wa kwanza. Nilidhani wananinunia kwa rangi yangu peke yake. Ningekuwa mimi, nimezaliwa maili mbili kutoka pale, nami ningenuna.

Hata la umri lilikuwa na chembe ya ukweli. Chumbani walinitania kwamba nina miaka thelathini na watoto wanne. Nilikuwa na miaka 21, kwa sababu kwetu wakati ule ulianza darasa la kwanza na miaka saba, ukamaliza kidato cha sita ukiwa na ndevu, halafu ukakaa nyumbani kusubiri matokeo na barua. Wao waliingia na miaka 18. Lalamiko hilo halikuanzia kwangu. Suleiman Nyambui wetu, aliyezaliwa mwaka 1953, alishinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya miaka hiyo akaenda Moscow akarudi na medali ya fedha ya Olimpiki. Mweke kijana aliyetoka sekondari juzi asimame naye mstarini. Sisi tulisoma habari hizo kwa fahari. Kijana yule je, alizisoma vipi?

Basi si kila aliyenikunjia uso alikuwa mbaguzi, na jambo hili lilinichukua miaka kulikubali. Jambo la pili lilinichukua miaka zaidi: si kila aliyenichekea hakuwa mbaguzi.

Mama yake Nane alinipa kipande cha chungwa baada ya mashindano yangu ya kwanza, akasema kwa upole wa kweli kabisa, “Wewe umezaliwa nacho. Kwako ni rahisi mno.” Nilishukuru. Kocha alimwambia mwandishi wa gazeti la mji kwamba mimi ni kama swala. Picha yangu ikatoka na swala wangu, nikaikata nikaituma nyumbani. Mama akauliza kwa barua, “Wamekufananisha na mnyama, ndiyo heshima ya huko?” Nikamcheka, nikasema hajui Marekani.

Wakati huo nilikuwa nikikimbia kilomita 130 kwa wiki. Jimbo lile lina baridi inayoshuka mpaka nyuzi ishirini chini ya sifuri, kope zinaganda, mate yanaganda. Sikuwa na glavu za maana mwaka wa kwanza. Nilivaa soksi mikononi. Jumapili alfajiri, wenzangu wamelala, nilikuwa barabarani peke yangu kati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, nikimsikia mwalimu wa jiografia akisema rudia. Hakuna aliyeniona. Nane alikuwa akiitwa mchapakazi. Kila mwisho wa msimu, kwenye chakula cha kuagana, kocha alisimama akamsifu kwa moyo wake na bidii yake, na watu walipiga makofi mpaka mama yake akatoa leso. Neno hilo mimi sikuitwa hata mara moja kwa miaka minne. Nikishinda, ni mapafu ya mababu zangu. Nikishindwa, ni uvivu wangu mwenyewe.

Ukiwa peke yako mahali, unajifunza haraka njia ya kununua amani, na bei yake si wewe unayeilipa siku zote.

Katika timu ya riadha walikuwamo Wamarekani weusi watatu, wote wa mbio fupi. Sisi wa mbio ndefu tulikuwa na basi dogo letu, wao na lao. Katika basi letu mweusi nilikuwa mimi tu. Mmoja wa wale watatu alikuwa mkimbiaji wa mita 400 kutoka jimbo la kusini, na nitamwita Mia Nne. Siku ya kwanza tu alinijia bwaloni na sinia lake, akakaa mbele yangu, akaniita kaka. Akaniuliza kama nimepata koti, akanionyesha duka la mitumba lililokuwa na makoti mazito ya bei nafuu. Kwa wiki kadhaa tulikula pamoja. Kisha nikaanza kusikia maneno kutoka upande mwingine. Mkubwa mmoja wa chuo aliyenialika kwake chakula cha jioni alinipiga bega akasema, “Wewe hufanani na hawa weusi wetu. Wewe una adabu, unajua ulichofuata.” Nikaipokea sifa hiyo kama mtu anavyopokea noti ya bandia gizani: nikaikunja, nikatia mfukoni.

Niliipokea kwa sababu nami nilikuwa nikijiona hivyo. Sikuwa mweusi kwetu Mbulu. Nilikuwa mtoto wa fulani, mwanafunzi wa shule fulani, na nikitoka nje ya mkoa nilikuwa Mtanzania. Rangi niliikuta Marekani, imeshonwa tayari kama sare, ikiningoja mlangoni. Nikakataa kuivaa, nikadhani kukataa ni ujanja. Mia Nne aliposema “sisi”, mimi nilisahihisha: “Mimi natoka Tanzania.” Alinisikia mara ya kwanza, akanisikia mara ya pili. Mara ya tatu akahamisha sinia lake.

Barua niliyoandika nyumbani majira yale bado ipo. Mama aliziweka barua zangu zote katika bati la biskuti, na alipofariki ndugu zangu wakanikabidhi. Ipo ukurasa wa pili, kwa mwandiko wangu mzuri wa kidato cha sita: “Wamarekani weusi wa hapa wana hasira sana, na sijui kwa nini, maana nchi yao ina kila kitu.” Nimeisoma mara nyingi kuliko cheti changu cha shahada.

Januari 2000 ikapotea pochi. Ilikuwa ya mrusha kisahani mmoja, na ilikuwa na dola mia na kitu. Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo baada ya mazoezi, watu wameanza kutoka. Kocha msaidizi akaja, akatazama huku na huku, akanifuata mimi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: nilipoingia, Mia Nne alikuwa mle ndani peke yake?

Nikasema ndiyo.

Ilikuwa kweli. Alikuwa amekaa kwenye benchi anafunga viatu, nami nikaingia, tukawa wawili. Nilisema ukweli, kama nilivyolelewa. Wakamwita, wakamwambia amwage begi lake juu ya benchi mbele ya waliobaki. Vikatoka viatu vya misumari, taulo, kopo la siagi ya karanga, daftari la historia, soksi moja. Akavitoa kimoja kimoja, polepole, akivipanga kama muuza sokoni anayepanga nyanya, na muda wote huo hakumtazama kocha msaidizi. Alinitazama mimi.

Pochi ilionekana siku tatu baadaye katikati ya viti vya basi la warushaji. Mwenyewe alicheka, akasema yeye ni msahaulifu. Hakuna mtu aliyemwomba Mia Nne radhi, nami nikiwa mmojawapo. Nilijiambia kwamba sikusema uongo, na kwamba mgeni haingilii ugomvi wa wenyeji. Kwetu tunasema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mimi nilikuwa na mwaka na nusu pale, nalima na kula vyao, lakini kila ugomvi ulipokuja niliuona ugeni wangu ni kinga nzuri sana.

Siku hizi nafundisha sekondari huku Manyara, na hakuna mwaka unaopita bila vijana wawili watatu kuniletea fomu za vyuo vya Marekani niwasaidie kuzijaza. Maswali yao ni ya busara: mtihani wa Kiingereza, nauli, kama kuna ugali. Wazazi wao huuliza kama huko kuna ubaguzi. Hapo zamani nilikuwa nikiwasimulia jinsi walivyoniita swala. Ni kisa kinachonifaa, maana ndani yake mimi ndiye niliyeonewa. Baadaye nikaanza kuwasimulia kisa cha pochi, na nimeona wazazi hawakipendi. Baba mmoja aliniuliza, “Sasa kosa lako ni lipi, Mwalimu? Si uliulizwa?” Nikamwambia ndilo swali nililojiuliza mwaka mzima.

Mwaka huo mzima Mia Nne hakunisemesha. Si kwamba alinuna. Alinisalimia kwa kichwa kama unavyomsalimia askari wa getini. Kisha Februari 2001 kocha akatupanga pamoja.

Kuna mbio moja ya kupokezana vijiti inayokimbiwa sana majira ya baridi katika viwanja vya ndani: wa kwanza mita 1200, wa pili 400, wa tatu 800, wa mwisho 1600. Ni mbio ya ajabu, kwa sababu inawalazimisha watu wa mbio fupi na wa mbio ndefu kushika kijiti kimoja. Mia Nne alipewa zile 400. Nane, ambaye nyikani hakuwa na nafasi lakini mita 800 alizijua kweli, akapewa zake. Mimi nikawekwa mwisho. Kwa hiyo kijiti kilitoka kwa Mia Nne kwenda kwa Nane, na kutoka kwa Nane kuja kwangu.

Asiyekimbia huenda hajui tofauti hii. Katika mita 100 mara nne, unapokea kijiti uso ukiwa mbele. Unanyoosha mkono nyuma na kuamini. Katika mbio zetu hilo haliwezekani, kwa sababu anayekuja amechoka na anayumba. Lazima ugeuke umtazame. Unampima kwa macho: bado ana nguvu, au nimsogelee? Wiki mbili tulizofanya mazoezi ya kupokezana nilimtazama Nane usoni kuliko nilivyomtazama miaka miwili na nusu iliyotangulia. Nikagundua kwamba akichoka, bega lake la kushoto linapanda mpaka sikioni. Naye akanigundulia kitu, siku moja akaniambia, “Unauma meno. Sikujua.” Mia Nne alisimama pembeni akinywa maji, akasikiliza, hakusema.

Siku ya mbio tulikwenda chuo cha mbali, mwendo wa saa saba. Wa kwanza wetu alikabidhi tukiwa wa sita. Mia Nne alikimbia mizunguko yake miwili kama mtu anayedaiwa, akatufikisha wa tatu. Nane akashikilia, bega likapanda, akateremka mpaka wa tano, lakini alinikabidhi akiwa wima. Nikakimbia. Siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu sikumbuki vizuri. Nakumbuka kelele za mbao chini ya viatu na mgongo wa mtu mwenye fulana ya njano uliokataa kusogea karibu. Tulimaliza wa tatu. Nilifika kwenye pipa la taka pembeni ya uwanja, nikaliinamia, nikatapika mpaka miguu ikatetemeka.

Nilipoinua kichwa mama yake Nane alikuwa pale na mfuko wake wa machungwa. Walikuwa wameendesha saa zote saba. Alinitazama muda mrefu, ameshika kipande mkononi bila kunipa.

“Sikujua kwamba nawe unaumia,” akasema.

Usiku tulirudi sote katika basi moja, kwa kuwa kocha alipunguza magari. Nilikaa dirishani, Mia Nne akaja akakaa kiti cha pembeni. Nje hapakuwa na kitu ila theluji na taa za mashamba, mojamoja, mbali. Baada ya saa mbili nzima akaniuliza kama namjua Bob Beamon. Nikasema nani asiyemjua: Mexico 1968, mita 8.90. Kwetu Mexico 1968 ni Akhwari, lakini na Beamon tunamjua.

“Alikuwa akisoma wapi?”

Sikujua. Akanieleza, kwa sauti ya chini ili wengine walale. Alikuwa El Paso, Texas. Chuo kile ndicho kilichochukua ubingwa wa mpira wa kikapu mwaka 1966 kwa kuanza na wachezaji watano weusi, wakaifunga Kentucky ya wazungu watupu, na watu wakakiita chuo cha mfano. Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, wanariadha weusi wa chuo hichohicho walikataa kwenda kushindana na chuo cha Brigham Young, kwa sababu kanisa linalokimiliki lilikuwa haliwaruhusu weusi kupata ukuhani. Chuo kikawanyang'anya ufadhili. Beamon alikuwa mmoja wao. Miezi sita baadaye akaruka ule mruko.

“Na baada yao,” akasema, “unajua nani walikuja kukimbia El Paso?”

Hapo nilijua. Nilijua kwa moyo, kama mtoto anavyojua kikosi cha Simba au Yanga. Nyambui. Gidamis Shahanga wa Katesh, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton 1978. Na wengine, Wakenya na wa kwetu, waliokipa chuo kile ubingwa wa mbio za nyika mara sita kati ya 1975 na 1981. Majina hayo tuliyakariri sekondari. Hakuna aliyewahi kutuambia, wala hatukuuliza, kabla yao viti vile vilikaliwa na nani na waliinuliwaje.

“Siwalaumu,” akasema. “Walikuwa wanakimbia.”

Ndipo nikasema lililonikaa kooni mwaka mmoja na mwezi. Nikasema samahani kwa siku ile ya pochi. Nikaongeza, kama mjinga, kwamba niliulizwa swali nikajibu ukweli.

“Najua. Hukusema uongo.”

Basi lilipita daraja, magurudumu yakabadilisha sauti.

“Nawe ulikuwa mle ndani,” akasema. “Begi lako walilipekua?”

Nikasema hapana.

Akavuta kofia ya sweta lake mpaka machoni, akaegemeza kichwa kwenye kiti. Zilikuwa zimebaki saa nne na nusu kufika.